TAIRI LA TRELA: TAZAMA UBAVU, SI MENO TU

Mkulima wa Ngerenya, Tezo, Gedi au Magarini mwenye trela la kuvutwa na trekta anajua faida yake. Nazi, maembe na mihogo hutoka shambani hadi barabara kuu ya Mombasa na Malindi kwa safari moja. Lakini trela lenye tairi bovu ni hatari.

Wakulima wengi hutazama meno ya tairi tu. Yakiwa marefu husema, "Hili bado zima." Sivyo. Tairi la matatu huisha kwa kusagika, maana hutembea kila siku. Trela hufanya kazi wakati wa mavuno, kisha hukaa uwanjani miezi mingi likipigwa na jua. Mpira hukauka na kupasuka pole pole, hali meno hayajapungua. Siku ya kupakia mzigo, tairi hulipuka. Maembe humwagika, na watu huweza kuumia.

Basi kabla ya mavuno fanyeni hivi:

1. Kagua ubavu wa tairi, nje na ndani. Ukiona nyufa zilizoingia ndani, uvimbe, au nyuzi zimetokeza, litoe.

2. Soma umri wake. Penye herufi DOT, tazama tarakimu 4 za mwisho. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka 6, fundi alikague kila mwaka. Likifika miaka 10, litolewe hata likionekana zuri. Anayenunua tairi kuukuu asome tarakimu hizo kabla ya kutoa fedha, kwani rangi nyeusi huficha uzee.

3. Pima upepo asubuhi, kabla ya safari. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja chini ya mzigo, likapata moto na kuharibika upesi.

4. Meno yakisagika upande mmoja tu, mwite fundi atazame ekseli, la sivyo tairi jipya nalo litaharibika.

Trela likipumzika, liweke kivulini, uliinue juu ya mawe imara ili matairi yasibebe uzito, na uyafunike kwa magunia.

Bei ya tairi ni kubwa, lakini haishindi mavuno ya msimu mzima, wala mguu wa mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa tairi hauzibiki. Dawa yake ni kulibadilisha mapema.