Kabla hujaweka programu kwenye simu, ijue simu yako

Msimu wa ufuta, mbaazi au korosho ukifika, fedha za wakulima wa Malolo na vijiji vingine vya Ruangwa na Nachingwea hupitia benki, na wengi huzihamishia kwenye simu. Kwa hiyo programu unayoweka kwenye simu si jambo la mchezo. Programu mbaya inaweza kusoma meseji zako, kuchukua namba za ndugu zako na kumfungulia tapeli njia ya kufika kwenye salio lako.

Msikilizaji, kila simu ina mfumo unaoiendesha. Programu ya mfumo mmoja haikubali kwenye mwingine, na namna ya kuiweka pia ni tofauti.

Simu ya Android
Ndizo nyingi huku kwetu: Tecno, Itel, Infinix, Samsung. Fungua Play Store, andika jina la programu, soma jina la mtengenezaji lililo chini yake, kisha pakua. Ikigoma, mara nyingi nafasi imejaa au toleo la Android ni la zamani. WhatsApp, kwa mfano, haifanyi kazi tena kwenye Android ya chini ya 5.0. Toleo lako utaliona kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu Simu.

iPhone
Programu hupatikana App Store, na lazima uwe na akaunti ya Apple. Faili la programu ulilotumiwa na rafiki mwenye Android halitafanya kazi.

Kitochi
Hapa huhitaji programu wala bando. M-Pesa ni *150*00#, Mixx by Yas *150*01#, Airtel Money *150*60# na HaloPesa *150*88#. Mtu akitaka umlipe ili akuwekee programu ya pesa kwenye kitochi, mkatalie.

Faili la kutumiwa
Hatari kubwa iko kwenye Android. Faili lenye jina linaloishia na .apk, likija kwa WhatsApp au Xender, halijapitia Play Store. GB WhatsApp husambazwa hivyo, na baadhi ya programu za mikopo pia. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Simu ikikuuliza kama unaruhusu programu kutoka chanzo kisichojulikana, jibu hapana.

Kama umeshaiweka
Zima data, kisha ifute. Toa laini, iweke kwenye kitochi, na hapo ubadilishe namba ya siri ya pesa. Ukiona fedha zimepungua, piga 100 kwa mtandao wako siku hiyohiyo. Meseji ya utapeli itume kwenda 15040, namba ya TCRA ya kazi hiyo.

Mjulishe na jirani kabla mnada haujaanza.