Lubumbashi: Divai ya moto yapata msimu wake katika baridi ya Juni na Julai

Kuanzia katikati ya Mei, saa kumi na mbili ya jioni ikifika Lubumbashi, makoti na kofia za sufu vinaanza kutoka katika masanduku. Kwenye baa za Kamalondo na Kenya, wateja ambao mwezi wa Oktoba wanagombana juu ya bia isiyokuwa na barafu, sasa wanaomba wenyewe ile ya « tempérée ». Na ndani ya nyumba, mwenye kupokea wageni anajiuliza swali la kila mwaka: atawapa nini cha kunywa watu waliofika wakitetemeka?

Kwa familia nyingi jibu linajulikana: chai ya tangawisi, au uji wa moto kwa watoto. Lakini kuna jibu lingine, nalo ni divai nyekundu inayopashwa moto pamoja na chungwa, kaneli na karafuu, halafu inanywewa ndani ya kikombe kama chai. Wafaransa na Wabelgiji wanaiita vin chaud, Wajerumani Glühwein, na Waswedi, ambao wanatia ndani zabibu kavu na lozi, wanaiita glögg. Wakongomani wanaoishi Matonge, kule Brussels, wanaikuta kila Desemba kwenye soko la Noeli katikati ya mji, ambako inauzwa barabarani.

Wazungu wanaifunga pamoja na Noeli. Lubumbashi, Desemba ni mwezi wa mvua, nguo zinakataa kukauka na hakuna mtu anayetafuta kinywaji cha moto. Baridi yenyewe, mashika kama wenye mji wanavyosema, inakuja Juni na Julai. Mji uko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1200 juu ya bahari, na katika miezi hiyo kipimo cha joto usiku kinashuka mara nyingi chini ya digrii 10. Ni msimu wa karamu pia: sikukuu ya uhuru tarehe 30 Juni, matokeo ya shule mwanzoni mwa Julai, ndoa ambazo watu wanazipanga katika kiangazi ili mvua isiwaharibie hema, kisha tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, ambapo asubuhi familia zinaenda makaburini kusafisha na mchana zinarudi kula pamoja. Sababu za kualika watu hazikosi.

Kutengeneza divai ya moto ni kazi ya nusu saa. Makosa yanaanza zaidi dukani.

Sehemu kubwa ya divai inayouzwa Lubumbashi inatoka Afrika ya Kusini na inapita Zambia kwa lori hadi mpaka wa Kasumbalesa, umbali wa kilometa karibu 90 kutoka mjini. Kwa kazi hii chupa ya bei kali haina maana, kwa kuwa karafuu itafunika utamu wake wote. Divai nyekundu ya kawaida ya katoni, ile isiyo na sukari nyingi, inatosha kabisa. Ila mnunuzi asome kibandiko. Kuna vinywaji vinavyopangwa kwenye rafu moja na divai, vina picha ya zabibu, lakini ndani ni maji, sukari, rangi na alkoholi. Divai ya kweli inaandikwa « vin » au « wine » peke yake, bila maneno kama « boisson aromatisée », na kwa kawaida ina alkoholi asilimia 11 hadi 14. Kile kinywaji cha rangi kikipashwa moto kinanuka kama dawa ya kikohozi, na hakuna kaneli inayoweza kukiokoa.

Viungo vinapatikana sokoni bila shida. Kaneli, yaani mdalasini, inunuliwe ya vijiti. Ile ya unga inafanya kinywaji kuwa na matope chini ya kikombe. Karafuu, ambazo wauzaji wengi wanaziita jirofle, zisizidi tano kwa chupa moja. Tangawisi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Kuhusu machungwa na mandarini, msimu wa baridi ndio msimu wake. Asali ya pori la miombo, ile nyeusi inayouzwa kandokando ya barabara ndani ya chupa zilizokwisha tumika, inashinda sukari nyeupe katika kinywaji hiki; ni maoni tu, lakini mwenye kujaribu mara moja ni shida arudie sukari.

Kwa chupa moja ya sentilita 75, yenye kutosha watu watano au sita, mpishi anaanza na maji, siyo na divai. Anachemsha maji ya glasi moja pamoja na vijiko vitatu vya asali au vinne vya sukari, kijiti kimoja cha kaneli, karafuu, tangawisi iliyokatwa na ganda la chungwa. Ganda likatwe jembamba. Ile nyama nyeupe iliyo chini yake ni chungu, na uchungu wake hautoki. Maji hayo yachemke dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka nyumba nzima inukie. Hapo viungo vimekwisha toa nguvu yao ndani ya maji. Ndipo moto unapunguzwa na divai inamiminwa, pamoja na vipande vya chungwa lenyewe.

Kuanzia hapo mtu asiondoke karibu na sufuria. Divai ipate moto hadi itoe mvuke na kuonyesha viputo vidogo pembeni, basi. Ikichemka, harufu yake inaruka na kile kinachobaki ni kikali mdomoni. Mama yeyote wa Katanga anayetengeneza munkoyo anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Uji wa mahindi unachemshwa vizuri kwanza, lakini mizizi ya munkoyo iliyopondwa haitiwi ndani ya uji unaochemka: inangojwa upoe, kwa sababu moto mkali unaua nguvu ya mizizi, na pasipo nguvu ile uji haugeuki kuwa mtamu. Vinywaji ni viwili tofauti, kimoja cha kienyeji na kingine cha kigeni, ila vyote vinaharibiwa na mpishi mwenye haraka.

Watu wengine wanaamini kwamba divai ikipashwa moto alkoholi yote inatoka. Siyo kweli. Alkoholi safi inachemka kwenye digrii 78, na divai iliyopashwa polepole kwa dakika chache bila kuchemka inabaki na sehemu kubwa ya alkoholi yake. Inawapasa kujua hivyo mama mjamzito, mtu anayemeza dawa, na dereva.

Neno moja juu ya sufuria. Zile za aluminiamu zinazomiminwa mjini kutoka vyuma chakavu ni nzuri kwa bukari, lakini divai na machungwa vina asidi, na asidi inakula aluminiamu. Uchunguzi uliofanywa juu ya sufuria za namna hiyo nchini Kamerun ulionyesha kwamba zinaweza kuachilia madini ya risasi, plomb, ndani ya kitu chenye asidi. Sufuria ya inox au ya emaye ndiyo inayofaa.

Inabaki habari ya moto wenyewe, na hapo divai inaacha kuwa jambo la kufurahisha tu. Umeme unakatika mara nyingi jioni, wakati kila nyumba inawasha rezistansi yake, na hata ukiwepo, wakaaji wengi wanapika kwa makala. Kwa divai ya moto, mbabula ni chombo kizuri sana: makala machache yaliyokwisha kufunikwa na majivu yanatoa joto la polepole ambalo rezistansi nyingi haziwezi. Shida ni kwamba wageni wakisikia baridi, mwenye nyumba anaibeba mbabula hiyo hiyo na kuiingiza sebuleni, sufuria juu, milango imefungwa, mapazia yameshushwa. Inapendeza. Watu wanaisogelea, wanakunywa, mazungumzo yanakuwa matamu.

Makala yanayowaka yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyokuwa na rangi wala harufu. Inaingia ndani ya damu na kushika nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, miguu inalegea, halafu usingizi unakuja. Kila baridi inaporudi, habari za familia zilizokutwa asubuhi zimekufa ndani ya chumba chenye mbabula zinasikika tena mahali fulani nchini. Imani iliyoenea ni kwamba makala yaliyokwisha kuwa mekundu, bila moshi, hayana hatari. Moshi ndio uliokwisha. Ile hewa inaendelea kutoka mpaka makala yazimike.

Divai inazidisha hatari hiyo kwa njia isiyoonekana. Dalili za kwanza za sumu ya makala zinafanana na dalili za mtu aliyekunywa: kichwa kizito, kizunguzungu, kusinzia. Mgeni akiegemea kiti na kufumba macho, wenzake wanacheka kwamba divai imemshinda. Hakuna anayefikiria kufungua dirisha. Ikiwa watu wawili au watatu wanalalamika juu ya kichwa kwa wakati mmoja, na zaidi ikiwa mmoja wao hakunywa kitu, wote watoke nje mara moja na mwenye kulegea apelekwe hospitalini.

Kwa hiyo mbabula inabaki uani au barazani. Divai ikiwa tayari inachujwa na kumiminwa ndani ya termosi, na termosi ndiyo inayoingia sebuleni. Inatunza joto muda wa saa kadhaa, inaokoa makala, ambayo bei yake hainyamazi, na mwenye nyumba anaweza kuketi pamoja na wageni wake badala ya kukimbia jikoni kila dakika tano.

Termosi ziwe mbili. Lubumbashi ni mji wa makanisa mengi, na Wakimbangu hawanywi pombe, Waislamu vilevile, pia Wamethodisti na watu wa makanisa ya uamsho walio wengi. Kumpa mtu wa namna hiyo Fanta baridi wakati wengine wanashika vikombe vinavyotoa mvuke ni kumwambia kwamba hakufikiriwa. Bisapu, maua mekundu yaliyokaushwa, yakichemshwa kwa viungo vile vile, asali ile ile na chungwa lile lile, yanatoa kinywaji chenye rangi ya divai na ukali wake kidogo. Hiki kinaweza kuchemka bila woga, na watoto wanakipenda. Kwa sababu rangi zinafanana, termosi zitiwe alama, kitambaa chekundu kwenye moja kwa mfano, na mtoto asiachiwe kazi ya kumimina.

Saa za kuachana zinaomba uangalifu pia. Alkoholi inapanua mishipa midogo ya ngozi, damu ya moto inafika juu, na mtu anasikia joto usoni na mikononi. Joto hilo linatoka ndani ya mwili na kupotea hewani. Mgeni anayepanda pikipiki ya manseba saa nne ya usiku kwenda Katuba au Ruashi, koti wazi kwa kuwa anajisikia vizuri, anapoteza joto haraka kuliko yule aliyekunywa bisapu. Mwenye nyumba mzuri anafunga vifungo vya koti la mgeni wake, na kwa mwenye gari anashika funguo kama vikombe vimezidi.

Divai iliyobaki inaweza kuwekwa ndani ya friji na kupashwa tena kesho yake, bila karafuu, maana zikilala ndani zinageuka chungu. Vile vipande vya chungwa vilivyobaki chini ya sufuria vinavutia, na asubuhi watoto ndio wa kwanza kufika jikoni. Vitupwe usiku ule ule: vimekunywa divai kuliko wageni.