Nilijibu Hivi, Wakacheka

Nilikuwa nimekwenda steshenari moja ya Ngamiani, mjini Tanga, kutoa kopi ya hati ya kiwanja, wala sikuwa na nia ya kuandika habari yoyote ya ajira, nilipomwona kijana aliyenitangulia katika foleni akinunua karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, akazikunja kwa taadhima kama mtu akunjaye hirizi, akazitia ndani ya bahasha ya kaki iliyokuwa na vyeti vyake. Nikauliza ni kitu gani hicho. Mwenye duka akanijibu pasipo kuinua uso: “Maswali ya usaili na majibu yake. Mia tano.” Nikanunua nami.

Ni maswali thelathini na mawili, yaliyopigwa chapa na mtu asiyejitaja, yakatolewa kopi, na kopi ikatolewa kopi, hata herufi zimevimba na kushikana kama chungu juu ya tone la asali. Swali la kumi na moja lasema: Udhaifu wako ni upi? Jibu lake, ambalo mnunuzi hutarajiwa kulihifadhi, ni kwamba udhaifu wangu ni kuipenda kazi kupita kiasi, hata husahau kula. Kando ya jibu hilo, kwa mwandiko wa mkono uliolalia kushoto, mwandiko wa mtu aliyekuwa na haraka au hasira, pana maneno matatu: Nilijibu hivi, wakacheka.

Nilidhani mwanzo kwamba nimeuziwa karatasi ya mtu. Lakini nilipogusa maneno yale kwa kidole kilicholowa, wino haukutawanyika. Ulikuwa ni wino wa mashine, kama herufi nyingine zote. Nikaomba nakala ya pili, nayo ilikuwa na maneno yale yale, mahali pale pale, na mkia wa herufi ya mwisho umekatika vile vile. Yamkini mtu mmoja aliinunua karatasi hii zamani, akaenda nayo kwenye usaili, akarudi na fedheha yake, akaiandika. Kisha kwa njia nisiyoijua karatasi yake ndiyo iliyogeuka mama wa nakala zote. Basi kila kijana anayelinunua jibu lile hununua pamoja nalo ushahidi kwamba halikufaa kitu. Nilimfuata yule kijana mpaka kibarazani nikamwonyesha. Alikuwa ameyaona. Akasema atalijibu hivyo hivyo, maana hana jingine.

Ndilo neno lililonikosesha usingizi, nami nikalipeleka kwa mama mmoja mstaafu ambaye jina lake ameniomba nilisitiri. Alikuwa afisa utumishi tangu ujana wake, akaketi katika majopo ya usaili kabla ya kuundwa Sekretarieti ya Ajira, iliyotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, na baada yake pia. Siku hizi, baada ya sala ya alasiri, huketi kwenye baraza ya nyumba yake na birika la chai ya tangawizi, na watoto wa majirani walioitwa kwenye usaili humjia mmoja mmoja, akawauliza maswali, akawasikiliza, akawarudisha nyumbani. Hatozi kitu. Nilipomwamkia shikamoo akaniitikia marahaba, kisha akaniuliza kabla sijakaa: “Haya mwanangu, tueleze habari zako kwa ufupi.” Nikababaika. Nikaanza na kuzaliwa kwangu. Akacheka, akasema kwamba nimekwisha kuanguka.

Kwa rai yake, hilo ndilo swali gumu kupita yote, gumu kuliko la udhaifu, kwa sababu linavaa nguo za salamu. Watoto wetu, asema, wamelelewa kwamba mbele ya wakubwa mtu hajitaji, na ajisifuye huitwa mwenye majivuno. Siku moja tu, ndani ya chumba kimoja, mbele ya watu watano waliowazidi umri, wanaambiwa wajieleze kwa nini wao ni bora kuliko wenzao walioketi nje kwenye benchi. “Aliye na adabu huinamisha kichwa akasema nyinyi ndio mtakaoamua. Kwenye karatasi ya alama, hilo ni sifuri. Nimewapa sifuri watoto ambao ningependa waoe binti zangu.” Dawa anayowapa ni kuacha kabisa kujisifu na badala yake kusimulia tendo: siku fulani, mahali fulani, jambo hili liliharibika, mimi nikafanya hivi, likawa hivi. Tendo halina majivuno, asema, na anayelisikiliza atakusifu mwenyewe ndani ya moyo wake, sifa ambayo ina uzito zaidi.

Akanipa mfano, nami naueleza kwa urefu kwa kuwa ulinigusa. Alimsaili kijana aliyeomba kazi ya uhasibu msaidizi, akamwuliza swali ambalo wote wanalichukia: tangu umalize chuo, miaka minne hii ulikuwa wapi? Kijana akatazama meza, akasema alikuwa nyumbani tu. Hakuipata kazi. Miezi kadhaa baadaye, jioni moja, mama yule alimkuta barabarani nyuma ya karai la mafuta akiuza pweza, na kando yake daftari la kurasa zilizopigwa mistari kwa rula, la madeni na mapato na mtaji wa kesho, kila siku imefungwa kwa jumla yake na tofauti imewekewa alama nyekundu. Miaka minne ya hesabu safi kuliko za ofisi nyingi alizozikagua. “Nikamwuliza mbona hukutuambia? Akaniambia: Mama, ningeanzaje kutaja pweza mbele ya watu waliovaa tai?” Alinunua pweza wa shilingi elfu mbili, asema, na hakuweza kumla.

Mengine aliyapitia upesi. Ukiulizwa mshahara na kampuni, usitaje tarakimu kabla hujaijua ngazi ya kazi na soko lake, na ukibanwa taja kima cha chini na cha juu. Serikalini swali hilo halina maana, kwani ngazi zimekwisha kupangwa. Ukiulizwa kwa nini uliacha kazi ya kwanza, usimseme vibaya mwajiri wako hata kama alistahili, kwa kuwa wanaokusikiliza ni waajiri. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui na utalitafutia wapi. Majopo huchoshwa na uongo mrefu. Swali la udhaifu nalo lataka udhaifu wa kweli, mdogo kiasi, pamoja na tendo unalolifanya kuuzuia: mimi husahau tarehe, kwa hiyo huziandika.

Lakini tulipofika kwenye maswali wanayoulizwa wasichana, sauti yake ilibadilika. Umeolewa? Una mpango wa kuzaa lini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, yakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia, na humhesabu mwombaji kazi miongoni mwa wanaolindwa. Alikijua kifungu hicho kwa moyo. Alikuwa afisa utumishi. Hata hivyo wasichana wake huwafundisha waijibu hofu iliyojificha nyuma ya swali, waseme: kama mashaka yenu ni saa za kazi, mimi nitafika kwa wakati na safari nitazisafiri. Nikamwuliza kwa nini asiwafundishe kusema kwamba swali hilo ni haramu. Akanitazama muda mrefu. Akasema kifungu cha 7 kiko kitabuni, na msichana yuko chumbani peke yake.

Nikamkumbusha habari ya Willy Mutunga, msomi aliyesomea sheria Dar es Salaam, ambaye mwaka 2011, alipokuwa akisailiwa kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, aliulizwa juu ya hereni aliyoivaa sikioni, akajibu kwa maana kwamba ikiwa sharti la cheo ni kuivua, basi cheo na kikae. Akapewa cheo, na hereni ikabaki. Nilidhani nimeleta hoja nzito. Mama akamimina chai. Akaniuliza Mutunga alikuwa akifanya kazi gani wakati ule. Nikasema alikuwa Ford Foundation, Nairobi. “Basi alikuwa na pa kurudi Jumatatu,” akasema. “Huyu wangu amekopa nauli mpaka Dodoma, amelala kwa rafiki wa rafiki, ana vyeti halisi mkononi kwa sababu vivuli havikubaliwi, na chakula cha siku tatu amejigharamia. Mwambie naye aseme kazi na ikae.”

Sikumjibu. Nafikiri bado kwamba Mutunga alijibu vizuri. Ila tangu siku ile nashindwa kulifanya jibu lake kuwa somo kwa wengine.

Hatimaye nikamtolea ile karatasi. Akavaa miwani, akasoma swali la kumi na moja, kisha yale maneno ya pembeni, akaisogeza karatasi mbali kidogo na macho, akaisogeza karibu. Akasema kwamba jibu la kusahau kula amelisikia mara nyingi zisizo na hesabu. Mchana wa usaili, asema, chumba huwa na joto, jopo limekwisha kusaili watu arobaini, chai imepoa, na anapoingia wa arobaini na moja naye akasema hupenda kazi hata husahau kula, mmoja hukutana macho na mwenziwe, basi kicheko hutoka chenyewe kabla ya mtu kukizuia. Hakikuwa kicheko cha dharau. “Lakini yeye angejuaje?” Akaikunja karatasi juu ya mikunjo yake ya kwanza. “Huenda aliyecheka ni mimi. Nayajaribu majina, nazijaribu nyuso. Sikumbuki hata mmoja.”

Kesho yake nikarudi steshenari kumwuliza mwenye duka kama pana mtu aliyepata kuja kuudai mwandiko ule. Hakunielewa, mpaka nikamwekea kidole juu yake; alikuwa ameziuza karatasi zile muda wote huo wala hajapata kuona. Akaudhika. Akasema maneno yale yanaharibu bidhaa, akatoa kichupa cha wino mweupe kutoka kwenye saraka, akakitikisa, akaniuliza afute au asifute. Nyuma yangu walikuwapo vijana watatu na bahasha zao za kaki, nami nilikuwa nimesimama pale sina jibu.