Kisha posti ya usiku, kalasi ku telefone

Masomo ya juu ya saikolojia ya kazi, kwa njia ya intaneti, yanaweza kumusaidia mwana shaba na jamaa yake. Lakini si kila mulango wa intaneti uko na shule nyuma yake, na masaa ya kusoma yanatoka mu usingizi wa mutu.

Mudogo wangu anaendesha kamyo kubwa mu karière moja pembeni ya Kolwezi. Masaa 12 ya kazi: juma moja muchana, juma ingine usiku. Miaka mingi iliyopita alimaliza lisansi ya usimamizi wa wafanyakazi. Alitafuta kazi ya biro, hakupata, akashika volani. Wengi mu Katanga ni vile: diplome iko mu valizi, mikono iko ku volani.

Usiku moja wa mwaka jana, saa tisa, kamyo iliyokuwa mbele yake iliacha barabara polepole na kupanda juu ya tuta ya udongo ya pembeni. Hakuna aliyekufa. Shofere alikuwa amesinzia. Kisha siku tatu ripoti ikatoka: kosa ya mutu. Shofere akapewa barua ya onyo, na kazi ikaendelea.

Mudogo wangu alirudi nyumbani na ulizo moja. Aliniambia: "Yaya, banaandika kosa ya mutu. Ni kweli, alilala. Lakini juu ya nini alilala? Ile hakuna mutu aliuliza."

Ulizo ile njo mulango wa saikolojia ya kazi.

Si elimu ya wenda wazimu

Wakati alisema anataka kufanya master, bibi yake alikuja kuniona. "Shemeki, bwana yangu anataka kusoma mambo ya bawazimu? Na feza ya shule ya batoto itatoka wapi?"

Kwa ulizo la kwanza, jibu ni rahisi. Saikolojia ya kazi haichungi wagonjwa wa akili. Inaangalia mutu mwenye afya wakati anatumika: namna ya kuchagua wafanyakazi na kuwafundisha, namna ekipe inavyosikilizana ao kugombana, namna mukubwa anavyoongoza watu, uchovu, woga, na aksida.

Tukamate mambo ya usingizi. Mwaka 1997, wachunguzi wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mutu aliyekaa macho masaa 17 anafanya kazi ya mikono na macho kama mutu mwenye pombe ya 0,05 kwa mia mu damu. Mu inchi nyingi mwenye kipimo kile hana ruhusa ya kuendesha motokari.

Sasa, mwana shaba, piga hesabu yako mwenyewe. Unatoka posti asubuhi, unafika nyumba, unalala. Saa sita ya muchana batoto wanatoka shule, mabati yanachoma, jirani anafungua muziki, unaamuka. Jioni unapanda bisi, unaingia kazi. Saa kumi na moja, mbele ya jua kutoka, masaa 17 yametimia, na weye uko juu ya kamyo yenye kubeba tani nyingi. Kuandika "kosa ya mutu" ni kukamata mwisho wa hadisi na kuacha mwanzo wake: mupango wa posti, safari ya bisi, nyumba yenye joto.

Tukamate tena woga. Mwaka 1980, munganga Mufaransa Christophe Dejours alitoa kitabu *Travail: usure mentale*. Aliangalia watu wa kazi za hatari, kama wajenzi wa nyumba ndefu, akaona hawapendi kutaja woga. Wanacheka hatari, wanamuchokoza mwenye kuvaa vyombo vya kujilinda, wanajifanya hawaogope kitu. Si ujinga. Ni njia ya kuweza kurudia ku kazi kesho yake. Kama mukubwa wa usalama hajui jambo lile, atafundisha kuvaa kofia mara mia, na watu watamusikiliza wakicheka.

Muchimbaji aliyerudia na kalamu

Wengi wanafikiri elimu hii ni ya watu wa biro. Kumbe moja ya kazi zake kubwa zaidi iliandikwa na muchimbaji.

Ken Bamforth alichimba makaa ya mawe ku Yorkshire, Uingereza, miaka 18. Kisha vita ya pili ya dunia, alikubaliwa mu masomo ya juu ku Tavistock Institute, London. Wanafunzi waliombwa kurudia mu kazi zao za zamani na kuziangalia kwa macho mapya. Bamforth akarudia mu shimo. Mwaka 1951, yeye na mwenzake Eric Trist walitoa andiko ambalo mpaka leo linafundishwa ku iniversite za dunia.

Waliandika nini? Zamani, watu wawili ao watatu waliochaguana walifanya kazi yote pamoja: kukata makaa, kuyapakia, kusimika miti ya kushikilia juu. Kama mumoja ameumia, mwenzake alisaidia jamaa yake. Kisha kampuni zikaleta mashini na mukanda wa kubeba makaa. Kazi ikakatwa vipande ku posti tatu: moja inakata, ingine inahamisha mukanda, ya tatu inapakia. Watu karibu 40 wakatumika ku mustari moja murefu bila kuonana, na kila posti ikalaumu ile iliyotangulia. Mashini zilikuwa mupya, lakini mavuno hayakupanda kama wakubwa walivyongojea, na watu wengi wakaanza kukosa kazi.

Wakubwa walitafuta kosa mu mashini ao mu uvivu wa watu. Bamforth na Trist walilionyesha mahali pengine: mu namna kazi ilivyogawanywa. Mutu wa biro angeweza kuhesabu tani. Lakini kujua kwamba posti ya kwanza inaachia posti ya pili taabu, na kwamba wa pili wanalipiza ku wa tatu, ilihitaji mutu aliyekula vumbi ile.

Hapa kwetu mambo yalipita kinyume. Mu miaka ya 1950, Union Minière ilikuwa na kituo chake cha saikolojia ku Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Wataalamu wa kituo walipima akili na mikono ya Waafrika, wakubwa na watoto. Wakati ule muzungu njo aliuliza, na mwana shaba njo aliyepimwa. Leo mwana shaba anaweza kuwa mwenye kuuliza. Mudogo wangu alinisomea hadisi ya Bamforth ku telefone yake, akasema: "Yaya, huyu mutu alikuwa kama miye."

Mulango wa uongo

Njia ya kawaida ingekuwa kwenda Lubumbashi, kwani UNILU iko na fakilte ya saikolojia na sayansi ya malezi. Lakini toka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kilometa karibu 300, na mwenye kuacha posti anaacha mushahara. Kwa hiyo alitafuta ku intaneti.

Shule ya kwanza aliyopata ilimuahidi master mu miezi mitatu, bila stage, bila memware. Mutu wa shule alimuandikia kila siku: "Lipa leo, bei inapanda kesho." Akatuma dola 120. Akapata barua nzuri yenye muhuri wa rangi ya zahabu, kisha kimya. Bibi yake hakumugombeza. Alisema tu: "Ile ilikuwa minerval ya mutoto wa pili." Ile siku bukari ilibaki ku sahani.

Ndugu musomaji, feza ile haikurudi. Lakini iliacha masomo ine tunayokugawia bure.

*Kwanza, chuo kinatambuliwa na nani?* Usiangalie ukurasa wa chuo peke yake. Angalia orodha ya wizara ya elimu ya inchi yake. Viko vyuo vya kweli vyenye kufundisha watu wa kazi toka zamani. CNAM ya Paris iliundwa mwaka 1794, inafundisha watu wazima wenye kutumika, na saikolojia ya kazi ni moja ya masomo yake. Dejours mwenyewe alifundisha pale. Karibu na sisi, UNISA ya Afrika ya Kusini inafundisha kwa mbali toka 1946, hata saikolojia ya viwanda, lakini kwa Kiingereza. Ku chuo kile njo Nelson Mandela alipata diplome yake ya sheria, mwaka 1989, akiwa bado mu kifungo.

*Pili, diplome yako ya sasa itakubaliwa?* Mu mupango wa LMD, lisansi ni miaka mitatu, master ni miwili. Lisansi ya zamani ya Congo ilikuwa miaka mitano pamoja na graduat. Uliza chuo, kwa maandishi, wataihesabu namna gani. Na kama haukusoma saikolojia mbele, wanaweza kukuomba masomo ya kujaza.

*Tatu, mwisho utakuwa nani?* Kuwa na master yenye neno saikolojia si sawasawa na kuitwa saikologi. Mu Ufaransa jina lile linalindwa na sheria toka Julai 1985. Mu Afrika ya Kusini ni lazima kuandikwa ku baraza ya serikali, HPCSA. Mara nyingi stage ya kweli, mu kazi, pamoja na musimamizi, inaombwa. Kama tangazo linasema hakuna stage, uliza mara mbili.

*Ine, Congo itasema nini?* Diplome ya inje inahitaji barua ya ulinganisho ya wizara ya iniversite ku Kinshasa. Uliza mbele ya kulipa, si kisha.

Hesabu ya masaa

Feza ni shida, lakini masaa ni shida kubwa zaidi. Mwaka moja wa master ni kredi 60. Kredi moja ni masaa 25 hivi ya kazi ya mwanafunzi. Jumla ni masaa 1.500, karibu masaa 29 kila juma, bila pumuziko mwaka muzima. Mutu wa posti ya masaa 12 hawezi. Kwa hiyo, kisha kupata chuo cha kweli, mudogo wangu aliomba kugawanya: master ya miaka miwili ataifanya miaka ine. Chuo kilikubali. Ulizo lile pia ni la kufanya mbele ya kulipa.

Moto wa SNEL unapotea wakati unapenda, kwa hiyo alinunua paneli ndogo ya jua na betri. Mega ni bei kali: anashusha vitabu vya juma nzima mara moja, usiku sana, wakati forfe ni ya bei ya chini, kisha anasoma bila intaneti. Masomo ya video anaacha, anasoma maandishi.

Hata vile, miezi ya kwanza iliharibika. Alikuwa anatoka posti asubuhi na kufungua telefone palepale. Analala masaa ine, matatu. Siku moja bibi yake alisimama mu mulango wa chumba na kusema: "Unajifunza mambo ya uchovu, na weye mwenyewe haulale. Ukianguka na kamyo ile, banaandika tena kosa ya mutu. Na miye nitawaonyesha nini? Master?"

Hakuwa na jibu. Walikaa, wakakata shauri watatu, na mimi nikiwa shahidi. Juma ya usiku: hakuna kusoma, telefone inabaki ku bibi. Juma ya muchana: masaa mawili jioni. Siku za pumuziko: asubuhi ni ya masomo, kisha muchana ni ya batoto. Kama chuo kinaomba kazi mu juma ya usiku, anaandika mapema kuomba siku zaidi. Mara moja walimukatalia, akapoteza somo, atalirudilia mwaka kesho.

Kitafaa nini?

Kusema kweli, master haileti kazi mupya kesho asubuhi. Mudogo wangu angali ku volani. Lakini Code du travail ya 2002 inaomba kampuni kuwa na komite ya usalama na usafi, na wafanyakazi wako na nafasi ndani. Pale, mutu mwenye kujua kuuliza "juu ya nini alilala?" na kuleta hesabu mukononi, si neno tupu, anaweza kugeuza mupango wa posti. Alipeleka andiko la kwanza juu ya masaa ya bisi. Mukubwa mumoja alilisoma, akauliza maulizo mawili, akaliweka mu kartable. Tunangojea.

Sasa anatayarisha memware juu ya usingizi wa mashofere wa kamyo kisha posti ya usiku. Alikuwa anafikiri kuuliza mashofere: munalala masaa ngapi? Bibi yake akacheka. "Banaume batakudanganya. Kila mutu atasema saba. Uliza siye babibi. Siye njo tunajua saa gani munalalaka na saa gani munaamuka."

Akanunua kaye ya kurasa mia, akapiga mistari ndani: siku, posti, saa ya kulala, saa ya kuamuka, kitu gani kilimuamusha. Mama watatu wa avenue yao wameanza kujaza. Ukurasa wa kwanza niliuona. Ku sehemu ya mwisho, mama mumoja ameandika siku ine zikifuatana neno moja: joto.