Mchoraji wa mabango asitupe brashi

Kijana wa Itaka, wilayani Mbozi, anayechora mabango ya maduka na saluni, sasa anabanwa na mabango ya kuchapwa. Je, aache kazi? Hapana.

Mwaka 1968, jijini Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama kwa rangi ya mafuta juu ya vipande vya hadibodi. Hakusubiri vifaa vya ghali. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliunda ushirika, na mtindo wake unauzwa hadi leo.

Mashine huchapa tu. Wazo hutoka kwa mchoraji. Itaka ina kahawa: aichore ukutani na kwenye pakiti, apatane bei kwanza, kisha aandike jina lake chini ya kazi.