Gari Kuukuu: Litengenezwe au Liuzwe Chakavu?

Barabara kuu itokayo Lusahunga, wilayani Biharamulo, hadi daraja la Rusumo, wilayani Ngara, hupitisha malori mazito yaendayo Rwanda na Burundi. Kwa wakazi wa sehemu hizo, kama Nyarubungo, safari ni mashimo ya lami na makunyanzi ya changarawe. Gari kuukuu likitumbukia shimoni na kupinda, mwenyewe huuliza kwanza bei ya vipuri. Swali linalotangulia hilo ni hali ya chuma chenyewe, kwa kuwa maisha ya abiria hutegemea chuma hicho.

Chuma huchoka

Waya ukikunjwa mara moja haukatiki. Ukikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukatika, ingawa nguvu ya mkono haikuongezeka. Fremu ya gari hupatwa na hali iyo hiyo. Kati ya miaka ya 1850 na 1870 mhandisi Mjerumani, August Wöhler, alichunguza ekseli za mabehewa ya reli. Alionyesha kuwa chuma huvunjika kwa mizigo midogo irudiwayo mara nyingi, mizigo ambayo ikiwekwa mara moja tu isingekidhuru. Hali hiyo huitwa uchovu wa metali. Ufa huanzia penye tundu, pembe kali au maungio ya kuchomelea. Katika maungio hayo, mkazo ukiongezeka maradufu, umri wa chuma hupungua hadi takriban sehemu moja ya nane. Ndiyo maana gari lijazwalo kupita kiasi huzeeka upesi.

Kupima kabla ya kuamua

Vipo vipimo viwili visivyohitaji mashine. Kwanza, fundi hupima fremu kwa kamba, kutoka tundu la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, kisha hupima matundu ya upande wa pili yanayolingana na hayo. Urefu ukitofautiana, fremu imepinda. Pili, husafisha sehemu anayoishuku, akaipaka mafuta ya taa, akangoja, akaifuta kabisa, kisha akapaka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hujitokeza kama mstari wa unyevu juu ya weupe.

Uamuzi

Springi, shokapu na rimu hubadilishwa. Kuharibika kwa vitu hivyo si sababu ya kulitupa gari. Ufa mmoja wa fremu nao hutengenezeka: tundu dogo hutobolewa kwenye ncha yake ili usiendelee, kisha huchomelewa na kutiwa kipande cha kuimarisha. Lakini nyufa nyingi, au kutu iliyokula mahali springi zinaposhikizwa, ni dalili kuwa chuma kimefikia mwisho. Pakichomelewa hapa, patapasuka pale.

Fremu ikiwa nzima, ndipo hesabu ifanywe. Fedha zilizokwisha kutumika hazirudi, wala zisihesabiwe. Gharama ya matengenezo ya sasa na yatakayofuata karibuni ilinganishwe na thamani ya gari likishapona, pamoja na bei ya injini, giaboksi na vipuri vingine endapo vitauzwa kimoja kimoja. Fremu iliyochoka haina hesabu: gari hilo lisibebe watu tena, hata kama injini yake bado huwaka mara moja.