Kampala Ambayo Watoto Wetu Hawaonyeshwi

Kwa mkazi wa Geita, Kampala iko karibu kuliko Dar es Salaam. Njia hupita Biharamulo na Bukoba, ikavuka mpaka pale Mutukula. Si ajabu, basi, kwamba familia za ukanda wetu wa dhahabu zilizojaaliwa riziki, na za Shinyanga pia, huwapeleka watoto huko wakati wa likizo. Ni jambo jema. Qur'ani yenyewe imetuhimiza kutembea katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia. Tunachohoji ni kile kinachotazamwa.

Wengi huishia madukani. Wanaozidi kidogo hupanda kilima cha Old Kampala, alikojenga ngome Lugard mwaka 1890, wakaswali katika Msikiti wa Taifa. Ujenzi wake ulianza enzi za Idi Amin, ukakwama miaka mingi, hatimaye ukakamilishwa kwa fedha za Libya na kufunguliwa rasmi mwaka 2008. Apandaye mnara wake huuona mji wote, kilima baada ya kilima.

Namugongo, pembezoni mwa mji, hawafiki, kwa kudhani ni mahali pa Wakristo peke yao. Kweli, kila tarehe 3 Juni Wakristo humiminika huko, Watanzania wakiwamo, kuwakumbuka wenzao waliochomwa moto mwaka 1886. Hatuwalaumu, wamewaenzi watu wao. Lakini takriban miaka kumi kabla ya hapo, Kabaka Mutesa I aliamuru kuuawa kwa Waislamu wapatao 70, wengi wao vijana wa kasri lake, na Namugongo ndiko inakosimuliwa kuwa waliuawa.

Ajabu ni kwamba Mutesa mwenyewe alikuwa amefunga Ramadhani kwa miaka kadhaa na kujifunza Kiarabu, ila alikataa kutahiriwa. Vijana wale, baada ya kupata mafundisho ya wageni kutoka Misri, hawakukubali tena kuswali nyuma yake wala kula nyama ya wachinjaji wake. Walikuwa na umri wa wanafunzi wetu wa sekondari.

Mzazi anayepanga safari amweleze dereva mapema: Old Kampala, Kasubi alikozikwa Mutesa, kisha Namugongo. Msafiri anayekaa siku chache hupunguza swala za rakaa nne, na siku moja yatosha kufika kote huko.